Dawa ya usingizi isiwe sababu ya kumchelewesha mtoto

Kwenye mwalo wa Masese, pembezoni mwa mji wa Jinja, dagaa huanikwa tangu alfajiri, na wengi wa akina mama wanaowageuza huwa na watoto mgongoni. Mtoto wa miezi miwili au mitatu anapoanza kuugua ugonjwa wa kichwa kikubwa, kwa kawaida si daktari anayegundua kwanza. Ni mama, au bibi mwenye jicho pevu, anayeona kwamba kofia ya juzi haimwingii tena. Utosi umejaa na kukaza. Mishipa imejitokeza kwenye paji la uso, na macho yanashuka chini hata mtoto akiitwa. Maji yamejaa ndani ya fuvu na yanausukuma ubongo ukutani.

Matibabu yapo, na hayako mbali kwa vipimo vya Afrika. Ukitoka Jinja, ukapita Iganga na Tirinyi, unafika Mbale, kiasi cha kilomita 140. Huko ndiko iliko Hospitali ya Watoto ya CURE, inayopokea wagonjwa tangu mwaka 2001 na ambayo leo inajulikana kwa wapasuaji wa ubongo duniani kote. Lakini kabla ya kisu kuna dawa ya usingizi, na hapo ndipo wazazi wengi husita. "Daktari, dawa hiyo haitamharibia akili?"

Swali hilo lina msingi, na anayelipuuza anawakosea wazazi heshima.

Mwaka 1999 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio waliyofanya kwa vipanya vya siku 7. Dawa za jamii ya ketamini zilikuwa zimewaulia seli nyingi za ubongo. Miaka minne baadaye kundi lingine liliwapa vipanya wa umri huohuo mchanganyiko wa midazolamu, isoflureni na gesi ya naitrasi, kisha likawafuatilia. Walipokua, walikuwa wazito wa kujifunza na kukumbuka. Sababu yake inaeleweka. Katika umri mdogo ubongo hujenga miunganisho kwa kasi kubwa, na seli hujua kwamba zinahitajika kwa kupokea ishara kutoka kwa seli jirani. Dawa ya usingizi hufanya kazi yake kwa kuzima ishara hizohizo. Seli isiyopokea chochote kwa saa nyingi inaweza kuanza kujiua yenyewe. Jambo kama hilo lilionekana pia kwa watoto wa nyani waliopewa ketamini kwa muda wa saa 24.

Ndiyo maana Desemba 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa 11 za usingizi na za kutuliza. Ilisema kwamba kuzitumia kwa zaidi ya saa 3, au kuzirudia mara kwa mara, kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 au kwa mama aliye katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kunaweza kuathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto. Onyo hilo limesambaa hadi kwenye simu za wazazi. Kinachosahaulika ni kwamba mamlaka hiyohiyo ilisema upasuaji wa lazima usiahirishwe.

Binadamu si panya, na watafiti waliuliza swali hilo kwa watoto wenyewe. Utafiti mmoja mkubwa uliongozwa kutoka Melbourne na Andrew Davidson. Watoto wachanga 722 waliohitaji kupasuliwa ngiri waligawanywa kwa kura: wengine walipewa usingizi kamili, wengine ganzi ya mgongo wakiwa macho. Waliopewa usingizi walikaa nao kwa takriban dakika 54. Walipofikisha miaka mitano walipimwa akili. Waliopewa ganzi walipata wastani wa 99.08, na waliolazwa usingizi walipata 98.97. Hakuna tofauti. Katika utafiti mwingine ulioongozwa kutoka New York, jozi 105 za ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyepewa usingizi kabla ya miaka 3 na mwingine ambaye hakupewa, zililinganishwa na jibu likawa lilelile.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anahitaji upasuaji mmoja, mfupi, jibu ni hilo na linatosha. Mpeleke.

Palipobaki na giza ni kwa mtoto anayerudi chumba cha upasuaji tena na tena. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwapima watoto 997 na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Hata waliopewa usingizi mara kadhaa hawakuwa na akili ndogo kuliko wenzao kwa kipimo cha jumla. Hata hivyo walikuwa wazito kidogo katika kasi ya kufikiri na kazi za vidole, na wazazi wao walitaja zaidi matatizo ya kusoma na ya tabia. Haijathibitika kwamba kosa ni la dawa. Mtoto anayepasuliwa mara tatu kabla ya kuanza shule huwa na ugonjwa wake pia.

Hapa ndipo kazi ya Mbale inapopata uzito ambao hauzungumzwi vya kutosha. Dawa ya miaka yote ya kichwa kujaa maji ni kumwekea mtoto mpira mwembamba unaoteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huo huziba au huingia vijidudu, na ukiziba mtoto hurudi kupasuliwa, maana yake dozi nyingine ya usingizi. Akiwa kijijini, masika yamekata barabara, anaweza kufa kabla hajafika hospitali. Daktari Mmarekani Benjamin Warf, aliyehamia Uganda na familia yake mwaka 2000, aliona hali hiyo na kutafuta njia nyingine. Kwa kamera nyembamba alitoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapite yenyewe, kisha akaunguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Mwaka 2005 aliripoti kwamba kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja, kuongeza hatua hiyo ya kuunguza kulipandisha mafanikio kutoka asilimia 47 hadi 66. Alipoondoka, kazi ilishikwa na Mganda, Dkt. John Mugamba, na wapasuaji wa nchi nyingine wamekuja Mbale kujifunza.

Njia hiyo haina miujiza. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya watoto 100 wa Mbale, nusu wakiwa wamewekewa mpira na nusu wametibiwa kwa kamera. Baada ya miezi 12 vipimo vya akili havikutofautiana, na matibabu yalishindikana kwa viwango ambavyo kitakwimu havikutengana. Lakini mtoto aliyepona kwa kamera hana mpira wa kuutegemea maisha yake yote, na kila upasuaji anaoepuka ni dawa ya usingizi anayoepuka.

Tatizo zito zaidi liko kwenye hospitali ambazo hazina jina duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza watoa usingizi wa Uganda kama wana vifaa vya kufanyia kazi yao kwa usalama. Waliosema wanavyo kwa mgonjwa mtu mzima walikuwa asilimia 23. Kwa mtoto, asilimia 13. Mambo yamesogea tangu wakati huo, na shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011, limesaidia kusambaza oksimita, kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole au, kwa kichanga, kwenye unyayo. Mlio wake ukishuka sauti, mtoa usingizi anajua oksijeni inapungua kabla midomo ya mtoto haijawa ya buluu. Chumba kisicho na mlio huo ni cha hatari kwa ubongo kuliko ketamini yoyote. Dakika chache bila oksijeni huharibu kile ambacho saa nzima ya dawa haijathibitika kuharibu.

Sukari nayo ina hesabu yake. Mtoto anayenyonya aliyetoka Masese usiku, akaambiwa asile, kisha akasubiri foleni hadi alasiri, anaingia kwenye usingizi sukari imeshuka na mwili umepoa. Kumpanga wa kwanza asubuhi hakugharimu shilingi moja.

Na ketamini yenyewe isilaaniwe. Iko kwenye orodha ya onyo la mwaka 2016, lakini ndiyo dawa inayomlaza mgonjwa bila kumkata pumzi kirahisi, hata umeme ukizimika na mtungi wa oksijeni ukiwa mtupu. China ilipopendekeza mwaka 2015 iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kama dawa ya kulevya, Shirika la Afya Duniani lilipinga, na lilikuwa na haki. Kuizuia kungefunga vyumba vya upasuaji vya wilaya nyingi za Afrika Mashariki.

Njia nzuri kuliko zote ni kupunguza idadi ya watoto wanaohitaji upasuaji. Warf aligundua kwamba karibu asilimia 60 ya watoto wake wa mwanzo walijaa maji kichwani baada ya maambukizi, mengi yao ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 timu ya Steven Schiff na madaktari wa Uganda ilimtaja mhusika mmoja, bakteria wa jamii ya Paenibacillus. Homa ya kichanga ikitibiwa mapema na kwa dawa sahihi kwenye kituo cha afya cha Walukuba, hapo Jinja, huenda safari ya Mbale isiwepo.

Kwa wanaobaki, Wizara ya Afya ya Uganda ingeweza kuagiza jambo dogo: kila dozi ya usingizi iandikwe kwenye kadi ya mtoto, jina la dawa na dakika alizolala, pamoja na kiwango cha chini kabisa cha oksijeni. Utafiti wa Melbourne ulifanyika katika nchi 7, na hakuna hata moja ya Afrika. Watoto waliopasuliwa Mbale, wengi wao sasa wakiwa shuleni, ndio wanaoweza kujibu kilichobaki, na madaktari wa kuwafuatilia wako hapohapo.