Kilo si Kilo

Simama Kyumbi, barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, au ingia bucha yoyote mjini, na utaisikia kauli moja ikitamkwa bila shaka yoyote: kilo ni kilo. Mbuzi ana bei yake, ng'ombe ana yake, na kilichobaki ni kumsubiri mchomaji huku kachumbari ikikatwa. Kauli hiyo huandamana na kicheko. Mtu akisimulia kwamba kuna mikahawa ya kifahari ya Kikorea, Nairobi na kwingineko, ambako sahani ya vipande vyembamba vya mbavu huuzwa kwa bei ya kilo kadhaa za Machakos, kisha mteja anawekewa jiko mezani ajichomee, watu hushika mbavu zao. Matajiri, wanasema, wamekosa pa kutupa pesa hadi wanalipia kazi ya kupika wenyewe. Naona wanaocheka ndio wanaopunjwa, na kinachowapunja ni hiyo kilo.

Tuanze na sahani inayochekwa, ile ya galbi. Galbi ni mbavu, lakini kisu hufanya kazi kubwa kabla moto haujawashwa: nyama iliyouzunguka mfupa hufunuliwa taratibu mpaka iwe kama utepe mpana, halafu hulowekwa katika sosi ya soya, kitunguu saumu na tunda la peasi. Peasi hulainisha nyama, kazi ileile anayoijua kila muuza mishkaki wa Mombasa anayesaga papai bichi. Jiko likawa mezani kwa sababu nyama nyembamba yenye mafuta hutaka kuliwa ingali inachuruzika, na katika mikahawa ya hali ya juu mhudumu ndiye anayeshika koleo na mkasi, kwa hiyo hata hoja ya kujipikia inapwaya. Nyuma ya sahani hiyo kuna utaratibu mzima. Korea Kusini mzoga wa ng'ombe hugawanywa sehemu kuu 10 na ndogo 39, kila moja na jina lake na bei yake. Nyama hupangwa katika madaraja matano, na ng'ombe wa kienyeji ana nambari ya tarakimu 12 inayomfuata kutoka zizini hadi kaunta ya bucha, ili mnunuzi ajue alikotoka. Sehemu ya bei ile inayotuchekesha inalipia habari hizo.

Sasa tuiweke kilo yetu mezani. Hupimwa mbichi, pamoja na mfupa. Moto hunyonya maji na kuyeyusha mafuta, na robo ya uzito au zaidi hupotea kabla nyama haijafika mezani. Mfupa nao hubaki pale pale, umelipiwa kama mnofu. Shingo na mbavu, bega la mbuzi mzee na paja la mbuzi mchanga, vyote mara nyingi huingia kwenye mizani kwa bei moja. Na bei isipochagua, kujuana kunachagua: mbavu humwendea aliyewahi, au rafiki wa mwenye bucha, na mgeni hukatiwa kilichobaki kisha aambiwe kilo ni kilo. Kwa upande wa mfugaji mambo ni mabaya zaidi. Dalali hupima mnyama kwa jicho, na aliyemlisha vizuri mbuzi wake wakati wa kiangazi, akamwogesha na kumuuza katika umri unaofaa, hana pa kudai senti ya ziada kwa ubora huo. Mlaji hawezi kulipia tofauti asiyoambiwa, na pesa ambayo haijaingia buchani haiwezi kurudi boma la Mwala wala Masinga.

Atatokea wa kusema haya ni ya wenye nazo, kwamba tukitenganisha sehemu za nyama, mnyonge atabaki akinusa moshi. Hofu hiyo ina uzito, lakini hesabu inaikana. Mzoga ni mmoja. Mbavu na sarara zikipanda bei, shingo na muundi vinaweza kushuka, na muundi ndio unaotoa mchuzi wa maana. Leo anayepeleka shingo nyumbani kwa ajili ya sufuria ya watoto anamchangia mla mbavu bila kujua. Wengine watasema huo ni ugeni, nyama yetu inataka chumvi na moto tu. Chumvi na moto sina ugomvi navyo. Ugeni ndio sikubali: katika ugawaji wa nyama wa jadi, Wakamba na majirani zao walijua kila sehemu ya mnyama inamwendea nani, na mzee aliyekabidhiwa kipande kisicho chake asingetulizwa kwa kuambiwa uzito ni uleule. Hata Kenya Meat Commission, iliyoundwa 1950 na yenye kiwanda chake Athi River ndani ya kaunti hii hii ya Machakos, imekuwa na madaraja ya kupangia mizoga. Ujuzi ulikuwapo hatua chache kutoka hapa, haukuvuka kaunta.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mafuta. Madaraja ya Korea hutukuza nyama yenye michirizi ya mafuta, ambayo humtaka mfugaji anunue nafaka na kumweka ng'ombe kwa karibu miezi 30, na mwaka wa 2019 Wakorea wenyewe walilegeza kipimo hicho. Mbuzi wa Ukambani, anayekula majani na vichaka, hafai kupimwa hivyo, wala sipendekezi. Anahitaji mambo matatu yasemwe juu yake: ni sehemu gani, ana umri gani, ametoka wapi. Umri mchinjaji huusoma kwenye meno kabla ya kuchinja, asili yake ameisikia kwa dalali, na sehemu anaiona kwa macho. Ubao wa bei tayari umetundikwa juu ya kichwa chake, nao una mstari mmoja tu wa mbuzi.