Jina la Chuo au Fedha za Masomo?



Leo twataka kusema na wazazi wenye mtoto aliyemaliza uinjinia, iwe Lubumbashi, iwe Kolwezi, naye sasa atamani kuendelea na masomo ya juu zaidi katika nchi nyingine. Twasema pia nanyi wanafunzi wa sekondari ya Kisenge, maana siku yenu yaja. Neno lenyewe ni hili: vyuo viwili vikimkubali kijana, kimoja chenye jina kubwa lakini hakitoi hata senti moja, cha pili chenye jina dogo lakini chamlipia yote, ashike njia ipi?

Wengi hujibu upesi kwamba jina ndilo bora. Hufungua orodha ya vyuo vikuu vya dunia, wakaona kimoja ni cha 40 na kingine ni cha 400, wakadhani shauri limekwisha. Sisi twawaomba wangoje kidogo.

Kwanza yafaa kujua orodha hizo hupima nini. Ile ya Shanghai, iliyoanza kutolewa mwaka 2003, huweka sehemu 30 katika 100 kwa tuzo za Nobel na medali ya Fields ya hisabati, walizopata watu waliosoma au kufundisha katika chuo. Sehemu kubwa ya hesabu iliyobaki yatoka katika maandishi ya wataalamu. Hayo ni mambo ya heshima, wala hatuyadharau. Lakini hakuna tuzo ya Nobel ya uchimbaji wa madini. Orodha haikuambii kama mwalimu atapata nafasi ya kukuongoza, wala kama maabara ina vyombo vya kusafishia shaba na kobalti, wala kama mwanafunzi mgeni atapata chakula mwezi wa Februari.

Tena, sifa ya chuo chote si sifa ya kila fani. Chuo cha Colorado School of Mines, huko Marekani, katika orodha za jumla hakikai karibu na vyuo vile vinavyotajwa na kila mtu. Lakini QS wanapopanga vyuo kwa fani, mara nyingi wamekiweka cha kwanza duniani katika uinjinia wa madini. Na Freiberg, huko Ujerumani, wamekuwa wakifundisha elimu ya madini tangu mwaka 1765. Kijana asiyetazama fani yake atafuata kelele tu.

Sasa tuje kwenye fedha. Mgeni aendaye kusoma Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kuonyesha kwamba anazo fedha za kuishi. Tangu Septemba 2024 kiasi kilichowekwa ni Euro 11,904 kwa mwaka mmoja. Kwa miaka miwili ni Euro 23,808, hata pale ambapo chuo hakidai karo. Kwa upande wa pili, ule msaada wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus Mundus humpa mwanafunzi Euro 1,400 kila mwezi, hata kufika miezi 24. Jumla yake ni Euro 33,600, na karo hadaiwi. Msaada wa namna hiyo umekwisha kutolewa kwa masomo ya uinjinia wa madini yaliyounganisha vyuo vya Liège katika Ubelgiji, Nancy katika Ufaransa, Freiberg, na Luleå katika Sweden. Linganisheni wenyewe hesabu hizi mbili. Tofauti yake ni ya kumaliza masomo au kuyaacha njiani.

Watu wa Kisenge walifahamu jambo hili kabla ya wengine. Manganizi yao ilikuwa njema, na dunia iliitaka. Lakini mwaka 1975 vita vya Angola vilipoikata reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito, madini yalikosa njia ya kufika baharini. Hayakuwa yameharibika, yalikosa wa kuyachukua. Kijana mwenye akili, aliye katika chuo chenye jina, bila fedha za mwaka wa pili, hana tofauti na madini hayo.

Twayajua yanayotokea. Barua ya kukubaliwa yafika, watu wapiga vigelegele, shamba lauzwa, wadogo zake watolewa shuleni. Kumbe barua ya kukubaliwa si barua ya kulipiwa! Mwaka wa kwanza ukiisha, fedha nazo zimekwisha. Kijana aosha vyombo usiku, asinzia darasani mchana. Akishindwa, aona haya kurudi mikono mitupu. Hivyo jamaa imepoteza shamba, na mtoto pia.

Je, jina la chuo halina kazi? La, lina kazi yake. Vyuo vyote viwili vikilipa, hapo chagua kwa ubora: tazama fani, mwalimu, maabara, na kazi walizozipata waliotangulia. Wala msipokee kila kitu cha bure. Chuo ambacho shahada yake haitambuliwi na serikali yetu chaweza kumpotezea kijana miaka miwili, hata kama kilimlisha. Naye mtu akuombaye fedha kwanza ndipo akupe msaada wa masomo, mkimbie.

Mjue pia kwamba nchi zina desturi mbalimbali. Marekani, anayesomea udaktari wa uinjinia mara nyingi hulipiwa karo na kupewa posho, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti. Bali anayesomea shahada ya pili peke yake mara nyingi hujilipia. Wala si lazima kuvuka bahari. Katika Zambia, Chuo Kikuu cha Copperbelt kule Kitwe kina kituo cha elimu ya madini kilichosaidiwa na Benki ya Dunia. Lakini hufundisha kwa Kiingereza. Basi aliyesoma kwa Kifaransa aanze kujifunza mapema.

Kabla ya kutia sahihi, someni barua na kuuliza maneno haya. Msaada ni wa karo tu, au pia wa chakula na nyumba? Ni wa mwaka mmoja, au hadi mwisho wa masomo? Ni alama gani zisipopatikana msaada hukatwa? Nani atalipa ndege, visa na bima? Je, kijana atafungwa kufanya kazi mahali fulani baadaye, na kwa miaka mingapi?

Kaeni mezani, baba, mama na mtoto, muandike hesabu yote hadi siku ya mwisho ya masomo. Mkiona pengo, msiuze shamba. Kijana na afanye kazi mwaka mmoja, aongeze ujuzi na lugha, kisha aombe tena. Vyuo vitakuwapo mwaka ujao. Lakini shamba likiisha kuuzwa, ni vigumu kulirudisha.