Weusi wa Kuvu na Hukumu ya Maabara

Imekuwa ada katika mabaraza ya wataalamu wa maradhi ya kuvu, kila itajwapo melanini, asimame mmoja aoneshe karatasi ya maabara kwamba kiasi kidogo kabisa cha dawa ya amfoterisini B kiizuiacho Cryptococcus neoformans isikue ni kile kile, kuvu ikiwa nyeupe au nyeusi, kisha ahitimishe kwamba rangi ile ni pambo tu, wala tabibu hana haja ya kuishughulikia. Hoja hiyo siikubali hata kidogo, na toleo hili nimelipanga makusudi ili ipate kujibiwa.

Kuvu hii haijitengenezei melanini kwa mali yake yenyewe. Sharti ipate kutoka nje malighafi kama L-dopa au dopamini, ndipo kimeng'enya chake kiitwacho lakesi kiigeuze kuwa rangi nyeusi itandazwayo katika ukuta wa seli. Maji ya kuoteshea yatumiwayo katika kipimo cha kawaida hayana malighafi hiyo, ilhali ubongo wa binadamu, ambako kuvu hii hupenda mno kufanya makao, unayo tele. Kwa hiyo hata seli zilizopandwa zikiwa nyeusi, watoto wao huzaliwa weupe, na karatasi isomwayo kwa fahari huwa imeupima upanga juu ya askari aliyevuliwa deraya.

Wang na Casadevall waliibainisha kinga hii ya weusi tangu mwaka 1994, na mwaka 2002 van Duin, Casadevall na Nosanchuk wakaithibitisha kwa njia yenye subira zaidi: hawakutosheka kutazama kama kuvu imekua au haikukua, bali waliiweka pamoja na dawa, wakawa wakihesabu, saa baada ya saa, seli zilizosalia hai. Zile nyeusi zilistahimili zaidi amfoterisini B na kaspofungini, kwa kuwa melanini huzinasa dawa hizo kabla hazijafika zilikokusudiwa; walakini flukonazoli na flusitosini hazikunaswa. Nani katika sisi, akiisha kusoma hayo, anaweza kuyatazama majaribio ya ACTA, ya tiba ya homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu hii, yaliyotangazwa mwaka 2018, ambayo Tanzania ilishiriki pamoja na Malawi, Zambia na Cameroon, na ambayo yalilipa heshima yake juma moja la amfoterisini B na flusitosini, asitamani kujua wagonjwa wale walikuwa na kuvu nyeusi kiasi gani?

Linalonisikitisha ni kwamba weusi huo maabara zinaujua. Tangu Staib alipoeleza mwaka 1962 matumizi ya mbegu za nug, zao la mafuta la Waethiopia, kuvu hii imekuwa ikitambulishwa kwa kuoteshwa juu ya agari ya mbegu hizo, ambapo koloni zake hugeuka hudhurungi ilhali za jamaa zake wengi hubaki nyeupe. Mtaalamu huiona rangi, huandika jina la kuvu, kisha huihamishia kwenye maji yasiyo na malighafi ya rangi ili aipime dawa, kana kwamba alichokwisha kukiona kwa macho yake hakimhusu tena!

Makala ya kwanza na ya pili za toleo hili zinalifuata suala la melanini hadi katika ukuta wa seli, nami naziombea wasomaji wenye subira. Ya tatu inahusu melanini ya kuvu nyingine, Candida auris. Ya nne, mintarafu ya bei ya flusitosini, ni ya haki na imeandikwa vyema, ingawa kwangu mimi bei ingedaiwa kwa nguvu zaidi kama mwandishi angalitaja kwamba dawa hiyo haikunaswa na melanini.

Atakayetaka kunipinga, kurasa za toleo lijalo zi wazi kwake. Ila alete hesabu ya seli zilizosalia hai, na aeleze bayana maji aliyooteshea yalikuwa na nini ndani yake.