Makundi ya Kukodi Yametosha

Mwaka 2004 runinga za Afrika Mashariki zilituonyesha vijana wakipiga foleni, wakiimba mbele ya majaji, wakichujwa na kububujikwa na machozi. Shindano la Coca-Cola Popstars lilipomalizika, kila nchi ilibaki na kundi la watu watatu. Kenya ilipata Sema: Sanaipei Tande, Pam Waithaka na Kevin Waweru. Tanzania ilipata Wakilisha, yaani Witness, Langa na Shaa. Uganda ikapata Blu*3, mabinti watupu: Cindy Sanyu, Lillian Mbabazi na Jackie Chandiru. Mwaka mmoja hivi baadaye Sema ilikuwa imevunjika. Wakilisha nayo haikukawia kusambaratika.

Tunalifukua kaburi hilo kwa sababu tamaa iliyolichimba inarudi kwa mlango mwingine. Zamani tuliiga nchi za Magharibi. Sasa macho yameelekea Asia. Vijana wa Nairobi wanaocheza miondoko ya Korea na kuvaa mavazi ya katuni za Kijapani katika maonyesho ya NAICCON ni wengi kiasi cha kumtoa mwekezaji udenda. Haitachukua muda kabla mtu hajaja na wazo la kununua leseni ya kundi la wasichana la Tokyo au Seoul na kulifungulia tawi hapa, kisha aliite fursa kwa vijana. Msimamo wetu tunautoa mapema: bila wasichana hao kumiliki jina, nyimbo na sehemu ya mapato, tawi hilo lisifunguliwe.

Wajapani wenyewe wametupa ushahidi wa kutosha. Yasushi Akimoto alipoanzisha AKB48 katika mtaa wa Akihabara, Tokyo, Desemba 2005, aliwapa wasichana wake ukumbi mdogo wa watu 250 katika jengo la duka la Don Quijote, na siku ya kwanza watazamaji waliolipa walihesabika kwa vidole. Biashara yake ilikuwa ukaribu. Shabiki alimwona msichana yuleyule wiki baada ya wiki, akamshika mkono kwenye hafla, na kuanzia 2009 akawa ananunua CD nyingi ili apate kura za kumpandisha ngazi. Mpango huo ulipokolea, ukasafirishwa. Jakarta ilipata JKT48 mwaka 2011, Shanghai ikapata SNH48 mwaka 2012, kisha Bangkok, Manila na kwingineko.

Saigon ilipata SGO48 mwaka 2018. Korona ilipofunga kumbi, biashara ya kushikana mikono ilikatika pumzi, na kufikia mwisho wa 2021 kundi hilo lilikuwa limezikwa. Taipei mambo yalikwenda kasi zaidi. Jina la TPE48 halikudumu. 2018 hiyohiyo liliwekwa kando na kundi likafufuliwa kama AKB48 Team TP chini ya kampuni nyingine. Wasichana wa miji hiyo hawakukosa sauti wala bidii. Walikosa kauli. Mkataba ulikuwa kati ya kampuni na kampuni, na waimbaji walisomewa uamuzi uliokwisha kupitishwa.

Linganisha na Shanghai. SNH48 ilifungua makundi dada Beijing na Guangzhou, wakubwa wa Tokyo wakalalamika kwamba mkataba umevunjwa, na Juni 2016 uhusiano ukakatika. Tawi lililoasi halikufa. Liliendelea na kumbi zake, nyimbo zake na mashabiki wake. Hatuwashauri wawekezaji wetu wavunje mikataba. Tunawaonyesha tu nani alibaki amesimama baada ya kuachana na mzazi.

Turudi kwetu. Popstars ilikuwa na kasoro iliyojengwa ndani yake tangu New Zealand, ilikoanzia mwaka 1999 kwa kuunda kundi la TrueBliss: utamu wote wa kipindi ulikuwa katika kuchagua. Kundi likizaliwa leo, msimu unakwisha leo. Vijana watatu ambao hawakuchaguana wanaachwa wajue wenyewe nani ataandika mashairi, nani atazungumza na wanahabari, nani atameza hasira. Mashabiki wa Sema waliipenda Leta Wimbo, na mapenzi hayo yalikuwa ya kweli, lakini kibao kimoja hakilipi kodi ya nyumba ya watu watatu.

Blu*3 ndiyo iliyoishi zaidi, na sababu yake haina uchawi wowote. Steve Jean wa Fenon, prodyuza wa Kampala mwenye studio yake, aliwachukua mabinti wale akawasimamia. Walikuwa na mahali pa kurekodi asubuhi baada ya kamera kuondoka. Cindy alipotoka mwaka 2008, nafasi yake ilijazwa, na kundi likafika hadi 2010. Miaka sita si mingi, lakini iliwatosha wote watatu kujijengea majina. Cindy baadaye aliongoza hata chama cha wanamuziki wa Uganda. Sanaipei naye alijiokoa peke yake, kwa redio, kwa nyimbo zake mwenyewe na baadaye kwa tamthilia ya Kina. Vipawa hivyo vingeonekana tu. Swali ni kwa nini kundi lilikuwa mzigo wa kutuliwa kabla ya kupanda juu.

Nenda mtaa wa Kilimani, Nairobi, alasiri yoyote. Katika ghorofa moja nyuma ya Yaya Centre, chumba cha pili cha kulala kimegeuzwa studio. Ukuta umevikwa sponji na dirisha limezibwa kwa blanketi ili jirani asiite polisi. Msichana kutoka Kayole ameshuka matatu ya 46, ameandika jina na nambari ya kitambulisho kwenye daftari la bawabu, kisha amepanda ngazi kwa sababu lifti haifanyi kazi. Anakabidhiwa karatasi za kutia sahihi kabla hajapewa hata maji ya kunywa. Hakuna anayemwambia azipeleke kwa wakili. Katika kundi la tawi msichana huyo ni mpangaji: atapaka rangi, atapanda maua, na siku mwenye nyumba akiitaka nyumba yake, ataondoka na begi.

Na begi lenyewe linaweza kupekuliwa. Januari 2013, Minami Minegishi, mmoja wa wanakundi wa kwanza wa AKB48, alinyoa nywele zote na kulia mbele ya kamera akiomba msamaha. Alikuwa na umri wa miaka 20. Kosa lake? Jarida lilikuwa limemnasa akitoka nyumbani kwa mwanamume. Adhabu yake ikawa kushushwa hadi ngazi ya wanafunzi. Hayo ndiyo maadili yanayosafirishwa pamoja na sketi na miondoko. Katiba yetu, Kifungu cha 31, inalinda faragha, na cha 41 kinalinda haki kazini. Sharti la kumkataza mtu mzima kuwa na mpenzi ili mashabiki wa kiume wasikasirike halina nafasi katika mkataba wa kazi Nairobi, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Wapo watakaotuambia kwamba tunachukia wageni. Hasha. Eriko Mukoyama, Mjapani tunayemjua kwa jina la Anyango, alikwenda Siaya akakaa chini ya mzee Okumu K'Orengo mpaka akajua kupiga ala ya nyatiti. Alichukua ufundi kwa jasho lake, akaenda kuupeleka jukwaani kwa jina lake. Kujifunza kwa namna hiyo tunakupigia makofi.

Na wanaodai kwamba bila leseni ya ng'ambo vijana wetu hawawezi kufika popote, waangalie Upper Hill, jirani kabisa na Kilimani. Mwaka 2005, mwaka uleule wa AKB48 na mmoja tu baada ya Popstars, vijana waliosoma Upper Hill School waliungana na mpiga gitaa Polycarp Otieno wakaunda Sauti Sol. Hakuna jaji aliyewaweka pamoja. Walianza na albamu ya Mwanzo mwaka 2008, wakafungua lebo yao ya Sol Generation mwaka 2019, na mwaka 2023 waliamua wenyewe kupumzika, wakawaaga mashabiki kwa tamasha la Sol Fest. Miaka 18. Inatukera kwamba ni vigumu kupata kundi la wasichana la kuliweka kando ya hilo kwa umri. Wasichana hupewa nafasi wakiwa mapambo ya shindano la mtu mwingine, na shindano likiisha wanaulizwa wataolewa lini.

Kwa hivyo tunadai mambo yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi. Jina la kundi lisajiliwe kwa hisa za wanakundi. Hakimiliki ya nyimbo watakazotunga ibaki kwao, na mirabaha igawanywe kwa hesabu wanayoweza kuikagua. Aliye chini ya miaka 18 asitie sahihi bila mzazi na wakili kuwa chumbani. Kuwe na ukumbi wa kudumu, hata uwe wa viti 100, kwa sababu kundi lisilo na mahali pa kupiga muziki kila wiki ni tangazo la biashara tu. Bodi ya Hakimiliki nchini iandae mkataba wa mfano kwa Kiswahili chepesi, msichana aweze kuusoma ndani ya matatu kabla ya kushuka. Mfadhili akiondoka, jina na nyimbo vibaki kwa waimbaji. Kampuni itakayokataa kifungu hicho cha mwisho isipewe ukumbi, isipewe muda hewani, wala isipewe sahihi ya binti yeyote wa mji huu.