Tuta la Mkondoa ni letu

Ndugu zangu wa Kilosa na Mikumi, vuli haiko mbali. Kabla mawingu hayajafunga juu ya milima ya Ukaguru, twendeni tukalikague tuta la Mto Mkondoa, na twende na majembe mkononi.

Tuta hili lilijengwa enzi za ukoloni ili mto usiingie mjini. Desemba 2009 lilizidiwa. Maji yakaingia Kilosa, maelfu ya wenzetu wakahamia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikaharibika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe hata treni zikasimama kwa miezi. Januari 2014 ikawa zamu ya ndugu zetu wa Magole na Dumila. Kila baada ya msiba tunasema serikali ijenge. Ni haki yetu kudai, na tuendelee kudai. Lakini anayeamka kila siku ubavuni mwa tuta ni nani, kama si sisi?

Nendeni mkaone. Pale ng'ombe wanaposhuka kunywa, kwato zimechimba njia inayolikata tuta toka juu hadi chini. Mvua ya kwanza tu, njia hiyo inageuka mfereji. Hatua chache mbele mtu amelima viazi, matete yaliyokuwa yameshika udongo kayafyeka yote. Kando yake kuna shimo la matofali, kina chake kinampita mtoto, limejaa maji ya kijani. Aliyefanya hivyo si adui yetu. Ni jirani anayetafuta riziki. Ila udongo alioutoa hapo ndio uliokuwa kinga ya nyumba ya mama yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu, na zile zenye kuharibu, ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto. Tusisubiri mgambo aje kutufundisha. Mkutano wa kijiji una uwezo wa kupitisha sheria ndogo: nani anyweshe mifugo wapi, matofali yafyatuliwe wapi, nani apewe shamba jingine badala ya lile la ukingoni. Wafugaji waitwe tangu siku ya kwanza, wasiitwe kuja kusomewa hukumu. Wilaya hii imeshazika watu kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji, na hatutaki ugomvi mwingine.

Nanyi wa Mikumi, msiseme Mkondoa uko mbali. Mito yetu inashukia bonde la Mkata, bonde lilelile linalolisha wanyama wa hifadhi ambayo vijana wenu wanaitegemea kwa kazi. Mlima ukifyekwa, mchanga unajaa bondeni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tumezoea kufagia na kuzibua mitaro. Mwezi huu siku hiyo tuipeleke mtoni. Kila kitongoji kichukue kipande chake cha tuta, mwenyekiti akipime kwa hatua mbele ya watu, na jina la kitongoji liandikwe kwenye kigingi. Wenye nguvu wafukie mashimo na kujaza viroba. Akina mama na wanafunzi wapande matete na mianzi. Wenye mikokoteni walete udongo. Wazee waliokuwepo 2009 watuonyeshe maji yalipopenyea kwanza, maana hapo ndipo pa kuanzia.

Saa moja asubuhi, tukutane tutani.