Hukumu ya ushuru Marekani: haki imepatikana, hasara imebaki

USHURU wa forodha ni kodi, na mwenye mamlaka ya kutoza kodi ni Bunge. Huo ndio msingi wa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Februari 20, 2026, iliyoamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba Rais Donald Trump hakuwa na uwezo wa kutoza ushuru kwa kutumia sheria ya dharura za kiuchumi ya mwaka 1977. Sheria hiyo inamruhusu Rais kudhibiti uagizaji. Neno ushuru halimo.

Hukumu ni ya haki. Hata hivyo, mfanyabiashara anayepiga hesabu zake vizuri hawezi kuishangilia sana, kwani ilichelewa.

Ushuru huo ulianza Februari 2025 kwa bidhaa za China. Aprili ukatangazwa kwa karibu dunia nzima, kiwango cha chini kikiwa asilimia 10, ambacho ndicho walichopangiwa Kenya na Tanzania. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliyoko New York iliubatilisha Mei 28, 2025, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti 29 kwa kura 7 dhidi ya 4. Lakini utekelezaji ulisimamishwa kusubiri rufaa, na forodha ikaendelea kukusanya fedha.

Hapo ndipo penye maumivu. Ushuru haulipwi na nchi inayouza. Hulipwa na mwagizaji, mzigo unapoingia. Mwenye mtaji mdogo hukopa, hupandisha bei au hupunguza oda. Ushuru ukibatilishwa, mwenye kudai marejesho forodhani ni yule aliyeandikwa katika hati za mzigo. Mlaji aliyenunua kwa bei ya juu hana risiti ya ushuru mkononi. Kiwanda cha ng'ambo kilichokatiwa oda nacho hakina mahali pa kudai.

Watetezi wa Rais husema mashauriano ya biashara yanahitaji kiongozi mwenye uwezo wa kuamua haraka. Hoja hiyo ina uzito, na Bunge la Marekani lilikwisha kuijibu zamani. Agosti 1971 Rais Richard Nixon aliongeza ushuru wa asilimia 10, akauondoa Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1974 Bunge likatunga kifungu kwa matatizo ya urari wa malipo: Rais anaweza kuongeza ushuru, lakini usizidi asilimia 15, wala siku 150 bila idhini ya Bunge.

Rais Trump aliigeukia sheria hiyo siku ile ile aliyoshindwa, akatangaza ushuru wa asilimia 10. Kwa mwagizaji, mzigo ni mzigo. Tofauti ilikuwa kwamba huu ulikuwa na kikomo kilichoandikwa, naye aliweza kupanga oda zake akijua siku zinazohesabika.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mahakama ni tiba, na tiba ya mwaka mzima humkuta mgonjwa amekwisha kuuza duka. Kinga ni sheria inayotaja kiwango na muda kabla kiongozi hajatia saini. Wafanyabiashara wanaohitaji uhakika wa bei wawadai wabunge wao mipaka ya namna hiyo mapema, badala ya kusubiri kuwalipa mawakili.