Waraka kwa wanajumuiya: tusiwadai wagonjwa imani



Alhamisi iliyopita tulisali nyumbani kwa mama yetu aliyelala kitandani tangu Kwaresima. Tulipomaliza kuimba, mimi mwenyewe, mzee wenu wa kanisa, nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, ongeza imani tu, utainuka." Akanitazama, akajibu polepole, "Nitaitoa wapi nyingine, baba?" Nikakosa la kusema. Hata chai sikuimaliza.

Neno lake halijanitoka. Usiku nilifungua Katekisimu Ndogo, ileile tuliyokaririshwa kabla ya kipaimara, mwenye kukosea akasimama hadi mwisho wa kipindi. Martin Luther aliiandika mwaka 1529, baada ya kukagua sharika za Saxony na kukuta watu, hata baadhi ya wachungaji, hawajui mambo ya msingi. Tazameni maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, ile ya Roho Mtakatifu. Mtu anaanza kwa kusema anaamini, na jambo la kwanza analokiri ni kwamba kwa akili na nguvu zake mwenyewe hawezi kuamini. Roho ndiye aliyemwita kwa Injili. Sisi tuliyakariri hayo kama jedwali la kuzidisha, tukapata maksi zetu, tukavaa nguo nyeupe.

Sasa, kama hata kuamini kwenyewe nimepewa, mama yule nilikuwa namdai nini? Paulo aliwaambia Waefeso kwamba hapa hakuna wa kujisifu, maana yote ni kipawa. Mimi nikakigeuza kipawa kuwa deni, nikaenda kulidai kwa mtu asiyeweza hata kuketi.

Kuna yule baba wa Marko 9, ambaye pepo alikuwa akimtupa mwanawe motoni na majini. Alikiri waziwazi kwamba kuamini kwake kumechanganyika na kutoamini, akaomba asaidiwe hivyohivyo alivyo. Yesu hakumrudisha nyumbani akajazie kilichopungua. Mtoto aliponywa palepale.

Najua wapo watakaouliza: basi tukae tu? Hapana. Warumi 10 inasema imani huja kwa kusikia, ndiyo maana tunazunguka nyumba kwa nyumba. Mgonjwa asiyeweza kusoma, tumsomee. Asiyeweza kuomba, tumwombee, bila kumuuliza anaamini kiasi gani. Na sisi tunaopenda kutoa ushuhuda tueleze alichotenda Mungu. Hesabu ya siku tulizofunga tuiache nyumbani.

Alhamisi hii tunarudi kwa mama yuleyule, saa kumi na moja jioni. Nitamwomba radhi kabla ya wimbo wa kwanza. Mwenye zamu ya Neno aandae Marko 9:14–29, asome taratibu, maana mama anasikia kwa shida. Akina mama wa zamu, uji wake uwe mwepesi.

Ni mimi,
Mzee wenu wa jumuiya